Dundumio

Imeletwa saa nne na robo, chupani, juu ya barafu:
kipande cha shingo ya shangazi yangu, Bi Mgeni Khatib Shaame,
rangi ya tende, kizito kuliko nilivyodhani.
Karatasi ya chumba cha upasuaji haina jina.
Mwanamke, 58, Kiuyu. Rovu.
Jina nalijua. Nikasaini, nikanyamaza.

Kwanza naosha damu mara tatu, mpaka maji yatakate.
Kisha mikasi miwili, na mkono usiotetema:
punje ya mchele, nusu ya punje,
halafu kitu ambacho ukikiita punje umekitukuza.
Natia kimeng'enya kinachofungua vifundo
vinavyoshika nyama kwa nyama.
Chupa inacheza polepole kwenye maji ya joto la mwili,
na saa nzima sina kazi ila kumkumbuka

maji yamemfika magotini, anafunga mwani kwa taitai.
Mwani una madini joto, wanasema waliosoma.
Unajazwa magunia, unakwenda ng'ambo,
naye anarudi kupikia chumvi ya kuanikwa, isiyotiwa kitu,
shingo ikivimba mwaka hata mwaka
kama mtu aliyemeza neno likakataa kushuka.

Nachuja. Kinachopita na kinachobaki, vyote navitaka.
Vilivyobaki ni vifuko, kila kimoja kibuyu cha utomvu
ambamo tezi huweka akiba yake.
Navipa sahani yao.

Katika vilivyopita mna zile chache za pembeni,
ambazo kitabu kinasema si wenyeji:
zilihamia mimba ikiwa changa, zikapiga hodi,
zikapewa kazi ya kupima chokaa ya mwili.
Nazitafuta siku tatu.
Nazipata za kuhesabu kwa vidole, na vidole vikabaki.

Na zile za nyuzi? Hizo huzitafuti.
Ni wageni wasioalikwa shughulini:
ukigeuka kufunika sufuria, wameshakaa mkekani,
wamenyoosha miguu, wanauliza nyama.
Ukizembea wiki moja, sahani ni yao.

Usiku wa tano, saa saba, Mbarouk mlinzi ananipigia:
"Kabati lako linapoa."
Wete nzima kiza. Jenereta linakohoa, halishiki.
Nikazitia sahani ndani ya boksi la samaki,
chupa za maji moto huku na huku,
nikalifunika kwa kanga yangu, nikakaa.
Nikajikuta nasoma Ayatul Kursiy,
sijui namkinga nani.

Siku ya tisa zimerudiana.
Hakuna aliyeziambia. Zilizotawanyika zimejipanga duara,
kila moja uso ndani,
kama wanawake waliozunguka sinia.

Akaja mwenyewe, kovu bado jekundu,
na ile sauti iliyokuwa ikiita kutoka shamba hadi shamba
imebaki mkwaruzo wa jamvi.
Akainamia hadubini, jicho moja kafumba kwa kiganja.

"Ndo miye huyu?"

Nikatafuta jibu la kimaabara, sikuliona.

"Wanakula nini?"
"Sukari. Chumvi. Maji ya damu ya ndama.
Na tone la kuwaamrisha kazi, kama lile litokalo kichwani."
"Chumvi ipi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.
Akainama tena, muda mrefu, kioo kikashika ukungu.

"Hawajui kama n'shaondoka," akasema.

Kisha akaniagiza chumvi ya pakiti, kilo mbili,
si yake, ya Time mke wa Faki,
ambaye tangu mfungo mosi
anaufunga mtandio hadi kidevuni.